Vinara wa Hali ya Hewa katika Bonde la Ufa

Kila wiki ya masika mtangazaji husoma kwamba nyanda za juu zitapata vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache, na mabondeni kutakuwa na mawingu kiasi na vipindi vya jua. Wengi wetu tukishasikia hivyo tunajua hakuna jipya, tunangoja habari za michezo. Lakini katika hayo maeneo machache, kuanzia Afar nchini Ethiopia hadi milima ya Rungwe kusini mwa Tanzania, ndimo walimo vinara wa dunia. Wamo wanaoongoza kwa mvua ya mawe, wamo walio kati ya wanaoongoza kwa radi, na ipo kambi moja ya jangwani iliyoshika rekodi ya joto ambayo haijapata mpinzani. Ukiwafahamu vinara hawa, taarifa ya wiki unaisikia kwa sikio jingine.

Kwanza kuna suala la mwinuko. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Katika nchi tambarare kanuni hiyo ni somo la darasani tu. Katika Bonde la Ufa ndiyo inayoamua mtu avae nini na apande nini. Iten, kwenye ukingo wa magenge ya Elgeyo nchini Kenya, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Wanariadha wanaofanya mazoezi alfajiri huko huvaa mikono mirefu. Ukishuka kwa barabara ya Tambach hadi chini kwenye Bonde la Kerio unakuwa umepoteza zaidi ya mita 1,000 za mwinuko, na hewa imeongezeka joto kwa nyuzi saba au nane. Juu wanalima viazi na kukamua ng'ombe wa maziwa, chini wanavuna maembe. Halafu barabara hiyo hiyo inapanda tena hadi Kabarnet, na baridi inarudi. Mtu aliyepewa namba moja ya joto kwa "Bonde la Ufa" zima hajaambiwa kitu.

Joto lisilopumzika, baridi isiyoyeyuka

Kinara wa joto ni Dallol, katika bonde la chini la Danakil, kaskazini mwa Ethiopia, mahali palipo chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 100. Kati ya mwaka 1960 na 1966, vipimo vilivyochukuliwa pale vilitoa wastani wa mwaka wa nyuzi 34.6 za Sentigredi, na mpaka leo hiyo ndiyo rekodi inayotajwa kwa mahali palipowahi kukaliwa na watu. Tuelewane: huo ni wastani wa usiku na mchana, wa Januari na Juni, vyote vimechanganywa pamoja. Zipo sehemu za dunia zinazofikia joto kali zaidi kwa alasiri moja, kisha usiku zikapoa. Dallol haipoi. Waafar wanaokata chumvi kule na kuisafirisha kwa ngamia wanafanya kazi katika hewa ambayo mwili wa mgeni hauistahimili siku nzima.

Kinyume chake ni Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika kituo cha kupima hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kilimanjaro, na vipimo vyake vikaonyesha wastani wa mwaka unaokaribia nyuzi 7 chini ya sifuri. Piga hesabu mwenyewe: kati ya Dallol na Kibo kuna tofauti ya nyuzi zaidi ya 40 za wastani, na zote mbili ziko katika ukanda ule ule wa bonde na milima yake, upande huu wa tropiki. Barafu ya Kibo yenyewe inaisha. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 asilimia 85 ya hizo zilikuwa zimekwenda. Mlima Kenya na Rwenzori, ambako ndiko kwingine pekee barani Afrika palipo na barafu ya kudumu, hali ni hiyo hiyo.

Kanuni ya mwinuko ina siku zake za kugeuka, na wakulima wa Kinangop, Makete na Njombe wanazijua kuliko mtu yeyote. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi huwa nzito, huteremka taratibu na kujikusanya chini kwenye vibonde. Hapo mkulima mwenye viazi bondeni huamka na kukuta jalidi, umande ulioganda mweupe juu ya majani, na jua likishapanda majani yanakuwa meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Jirani yake mwenye shamba kwenye mteremko hajapata kitu. Januari 2012 jalidi ya namna hiyo iliunguza chai huko Kericho na Nandi, wakati ambapo anga lilikuwa safi na watu wa mjini wakifurahia jua. Kwa hiyo taarifa ikisema wiki itakuwa kavu, yenye usiku usio na mawingu na upepo mdogo, mkulima wa nyanda za juu asiione kama habari njema tu.

Kericho na mvua ya mawe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui rekodi nyingine inayoeleza nchi yetu vizuri kama hii.

Hesabu inayotajwa sana kwa mashamba ya chai ya Kericho ni siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Yaani zaidi ya siku moja katika kila tatu, mahali fulani katika mashamba hayo mawe ya barafu yanaanguka. Hakuna sehemu ya dunia inayojulikana kuizidi, na ajabu ni kwamba Kericho iko karibu kabisa na ikweta.

Sababu zinaanzia Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani yenye unyevu ikaanza kuvuma kuelekea mashariki, ikipanda polepole. Upande wa pili, upepo wa mashariki unavuka Bonde la Ufa na kupita juu ya milima ya Mau. Saa nane au saa tisa alasiri pepo hizo mbili hukutana juu ya nyanda za Kericho na Nandi, na hewa ikikosa pa kwenda huenda juu. Mawingu hurefuka kwa kilomita nyingi katika muda mfupi, na ndani yake matone ya maji hurushwa juu mahali penye baridi kali, yakaganda, yakaanguka, yakarushwa tena.

Mpaka hapo hata Mombasa ingeweza kupata mawe, maana mawingu marefu yapo hata pwani. Tofauti ni safari ya kushuka. Katika ukanda huu wa ikweta hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye mwinuko wa takriban mita 4,500 hadi 4,800. Jiwe la barafu linaloelekea Mombasa lazima lipite katika hewa ya vuguvugu kwa zaidi ya kilomita nne, na likifika chini ni tone la mvua kubwa tu. Kericho iko juu kidogo ya mita 2,000. Jiwe lina nusu tu ya safari hiyo, na hewa linayopita ni ya baridi. Linafika likiwa jiwe.

Mkulima wa chai huchuma majani mawili na chipukizi. Mawe yakipiga dakika kumi, kinachoharibika ni hicho hicho cha kuchumwa, na kichaka huhitaji wiki kadhaa kujirudi. Ndiyo maana miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walijaribu hata kurusha kemikali mawinguni ili kupunguza mawe. Mwaka 1982 watafiti wawili walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mabaki ya majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka yana chembe zinazosaidia maji kuganda mapema, na wakaona uwezekano kwamba vumbi la mabaki hayo, likitifuliwa na wachumaji na kubebwa na upepo hadi mawinguni, linachangia mvua ya mawe. Kama ni kweli, basi shamba la chai linajitengenezea adui wake. Mimi huliona wazo hilo kuwa la kusikitisha na la kupendeza kwa pamoja, na ningependa vyuo vyetu vilirudie jaribio hilo kwa vifaa vya sasa.

Septemba 2008, mbali kidogo na Kericho, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu waliamka wakakuta mteremko mzima umefunikwa kwa barafu nyeupe. Watoto waliichezea, wazee wakasema hawajawahi kuona kitu kama hicho, na watu wengi waliamini ni theluji. Ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi na kushikamana.

Radi za Kivu

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mahali panapopigwa na radi kuliko popote ni kijiji kimoja cha milimani mashariki mwa Kongo. Mwaka 2016 timu ya watafiti ilichapisha orodha mpya iliyotokana na miaka 16 ya kumbukumbu za setilaiti. Nafasi ya kwanza ilikwenda Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, kwa miali 232 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili ilikuwa Kabare, juu ya Bukavu, kwa miali 205. Ya tatu Kampene, katika Maniema, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo. Sake, karibu na Goma, ilikuwa ya tano, na Butembo ikaingia katika kumi za kwanza. Katika sehemu 500 zilizoongoza duniani, zaidi ya nusu ziko Afrika.

Ukitazama ramani unaona kwa nini. Hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo inakwenda mashariki mpaka inagonga ukuta wa milima ya Mitumba. Upande wa pili liko Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, nalo linaongeza unyevu wake. Kila alasiri hewa inapandishwa kwa nguvu, na umeme unajikusanya. Mtu wa Kabare hahitaji setilaiti kumwambia. Anachohitaji ni kinga ya radi kwenye paa la shule na la kituo cha afya, na walimu waliofundishwa kwamba ngurumo ikisikika wanafunzi waingie ndani ya jengo imara na wasikusanyike chini ya mti. Kwa nchi yenye nafasi tano katika kumi za kwanza, kinga hizo zilipaswa kuwa za kawaida kama milango.

Uganda nayo ina rekodi yake ya zamani. Tororo, upande wa chini wa Mlima Elgon, ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Yaani siku mbili katika kila tatu mtu wa Tororo alisikia anga likinguruma.

Upepo wa Turkana

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi, na upepo wa kusini-mashariki kutoka Bahari ya Hindi hubanwa humo ukaongeza kasi. Mtaalamu wa Kenya J. H. Kinuthia na mwenzake G. C. Asnani ndio walioueleza upepo huo kwa dunia mwaka 1982, na kasi walizopima hewani zilipita mita 30 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Leo kuna mitambo 365 karibu na Loiyangalani inayozalisha hadi megawati 310, na shamba hilo la upepo lilipofunguliwa mwaka 2019 lilitajwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika. Lakini upepo huo huo unapita na unyevu wake bila kuuacha, ndiyo sababu mojawapo ya Lodwar kupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, huku joto lake la wastani likikaribia nyuzi 30.

Upande gani wa mlima?

Nchini Tanzania, kinara wa mvua ni ukanda wa Rungwe na kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Unyevu wa ziwa hupandishwa moja kwa moja na mlima, na Tukuyu hunyeshewa hata miezi ambayo sehemu nyingine za nyanda za juu kusini magharibi zimeshakauka. Migomba, chai na kakao ya Kyela vinaishi kwa mvua hiyo.

Kilimanjaro inafundisha jambo jingine. Upande wa kusini, kule Machame na Kibosho, mvua huongezeka unavyopanda hadi takriban mita 2,200, ndani ya msitu, ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukiendelea kupanda inapungua, na kileleni ni haba kama ya jangwani. Zunguka mlima uende kaskazini, kwenye kivuli cha mvua, na huko Amboseli utakuta takriban milimita 350. Mlima mmoja una nchi kadhaa. Mwezi Julai mtu wa Moshi anaweza kukaa wiki nzima chini ya wingu zito na manyunyu, wakati mpanda mlima aliye juu ya wingu hilo anajipaka mafuta ya kuzuia jua.

Milimita 50

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Namba hiyo inaonekana ndogo. Ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, na kwa ekari moja ni zaidi ya tani 200 za maji. Kwenye tambarare maji hayo yanatuama. Kwenye mteremko yanatafuta njia, na njia hiyo inaishia kwa mtu aliye chini, ambaye huenda kwake haijanyesha kabisa.

Desemba 3, 2023, Mlima Hanang uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mei mwaka huo huo, katika wilaya ya Kalehe kando ya Ziwa Kivu, mito iliyojaa ilifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi siku ya soko, na waliokufa walizidi 400. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli huko Kijabe yalivunja kizuizi na kushuka Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Hizi ndizo rekodi ambazo hakuna mtu anayezitaka, na zote zilitokea katika majira ambayo taarifa za wiki zilikuwa zikizungumzia mvua za nyanda za juu. Tatizo ni kwamba anayeambiwa juu ya nyanda za juu ni yule anayeishi juu. Aliye bondeni anadhani haimhusu.

Kwa maoni yangu, taarifa ya wiki ya nchi ya milima ingepaswa kutaja mto na kijiji unakopita pamoja na mkoa. Ikitabiriwa mvua kubwa Cherangany, atajwe mtu wa Kerio. Ikitabiriwa Aberdare, atajwe wa Mai Mahiu. Kazi hiyo haiwezekani kutoka mji mkuu peke yake, na tayari kuna mfano wa kuigwa. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina redio za jamii zinazotangaza kwa lugha za wenyeji: iko Kangema, Murang'a, ambako udongo huporomoka mara kwa mara, iko Bulala, Budalangi, kwenye mafuriko ya Mto Nzoia, iko Suswa kwa wafugaji wa Kimaasai, na iko ya Nganyi, Bunyore, katika kaunti ya Vihiga.

Hiyo ya Nganyi ina historia ya pekee. Ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kama watabiri wa mvua wa Wanyore, wenye misitu yao mitakatifu ambamo husoma miti, ndege, wadudu na upepo. Wataalamu wa hali ya hewa walikwenda kwao. Kabla ya msimu kuanza, wazee huleta dalili zao na wanasayansi huleta ramani zao, wanalinganisha, wanabishana, na kinachokubaliwa ndicho kinachosomwa redioni kwa lugha ya nyumbani. Wakulima waliokuwa hawaamini karatasi kutoka Nairobi wanasikiliza, kwa sababu wanaijua sauti inayosema. Hanang, Kabare na Kerio nako kuna wazee wanaosoma mlima wao kila asubuhi.